Makumbusho Niliyomjengea Mama

Kwenye steji yetu ya boda pale Custom, hapa Juba, kila mtu ameniuliza ndevu zangu zilienda wapi. Zilikuwa ndevu za kweli zile. Nikipanda pikipiki zinatangulia, mimi nafuata. Ndege walikuwa wanazitazama na kupanga kujenga. Mmoja nilimwambia nimezinyoa kwa sababu ya joto, mwingine nikamwambia nyuki waliingia wakakataa kutoka, na mama anayetuuzia chai nikamwambia nimeziuza Kampala kwa watu wa kushona magodoro. Wote walicheka wakaenda na kazi zao. Hapa nitasema ile ya kweli. Ya kweli haichekeshi sana, ingawa inaanza vizuri.

Inaanza na simu. Mama yangu alikuwa Kitale, Kenya. Alifika huko kwa miguu wakati wa vita, mimi nikiwa tumboni. Huko akanizaa, huko nikasoma mpaka darasa la tatu, mimi na mwalimu tukachokana. Nchi ilipopata uhuru nikarudi Juba. Nasema kurudi, na sikuwa nimewahi kufika. Mama akabaki, na kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia, anataka nimwambie mji wake unaendeleaje.

Sasa wewe utamwambia nini mama yako? Utamwambia kuna vumbi? Nilimwambia barabara za Juba zinang'aa mpaka mbuzi wanajiangalia sura. Nikamwambia taa za barabarani zinawaka hata mchana zisije zikasahau kazi. Nikamwambia mlima wa Jebel Kujur tumeuongezea urefu. Alikuwa anacheka mpaka namsikia anakohoa, na mimi nikimsikia anacheka, siku hiyo nabeba wateja mpaka jioni bila kuhisi njaa.

Halafu Jumapili moja akaniuliza kitu kingine. "Na wale watu waliofanya kazi zamani, kuna mahali wamewekwa?"

Nilijua anauliza nani. Baba yangu alikuwa anakaza nati kwenye daraja la Juba. Asubuhi moja alienda kazini na spana yake, na mpaka leo hajarudi. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta habari. Mimi sijawahi kumwona hata kwenye picha, kwa sababu picha moja aliyokuwa nayo mama ilikuwa ndani ya mzigo, na mzigo ulichukuliwa na mto njiani.

Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki, jua limesimama kichwani, mtandao uko sawa, mdomo uko wazi. Nikasema, "Kuna makumbusho, mama. Ghorofa tatu. Ndani baridi mpaka wageni wanapewa blanketi mlangoni. Na baba yuko ukutani, wa pili kutoka kushoto, ameshika spana."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Yuko vizuri," nikasema.

Nikasahau. Mimi nikisema kitu, kimeisha, natafuta kingine. Lakini mama hakusahau. Akauza mbuzi zake bila kuniambia, na Ijumaa moja simu ikalia. "Niko hapa mahali mabasi ya Nimule yanasimama. Njoo unichukue." Nilimkuta amekaa juu ya begi, miguu imevimba na safari, amekumbatia gauni limefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Nikataka kulichukua. Akasema hapana, hilo si la kuguswa, hilo ni la kwendea kumwona baba yako.

Nikafunga begi kwenye pikipiki, nikalifungua, nikalifunga tena.

Makumbusho Juba hakuna. Watu husema itajengwa, na mimi naamini, lakini kwa siku hizo mama angetaka kuingia wapi? Kwa hiyo nikaanza kumzungusha. Nilimpakia nyuma ya pikipiki, nikamfunga leso kichwani kwa sababu ya vumbi, nikampeleka kanisa kubwa la Kator alikobatizwa. Aligusa ukuta, akapiga magoti, akaomba sana. Akatoka nje akauliza, "Makumbusho iko upande gani?" Nikasema leo imefungwa, wanaosha vioo.

Siku ya pili nikampeleka kule kwenye kaburi la shujaa wa nchi, ule uwanja mkubwa wenye bendera, mtu akisimama upande mmoja na kupiga chafya, wa upande wa pili anasikia kesho yake. Tulitazama kwa mbali, askari wako pale. Mama akasema ni pazuri, amepumzika vizuri huyu, ana mahali. Akarudia hilo neno, ana mahali. Halafu akauliza. Nikasema waziri anatembelea makumbusho, raia hawaingii. Siku ya tatu soko la Konyo Konyo, kisha mtoni, na huko nikasema mamba ameingia makumbusho, wanamtoa. Hata yeye aliniangalia.

"Mamba ameingia ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini, mama."

"Basi tutapanda ya juu."

Mahali pamoja tu alikataa kusimama. Tulipita Sherikat, karibu na daraja lenyewe, nikapunguza mwendo ili alione. Akageuza uso upande mwingine. "Daraja nitaliangalia nikishamwona yeye," akasema.

Nina rafiki Mganda ana studio ya picha ndani ya Custom. Kazi yake unaijua kama umewahi kuishi Juba. Unaingia na kaptura na vumbi mpaka masikioni, unatoka kwenye picha umevaa suti na tai, na nyuma yako kuna ndege na maporomoko ya maji. Ana suti arobaini kwenye kompyuta na hana hata moja mwilini. Nilienda kwake nikakaa kwenye stuli.

"Wewe iko na shida gani?" akasema. "Uso yako kama ya mtu ameibiwa pikipiki."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akafunga mlango ili wateja wasione. Akatulia, akaniuliza baba yangu alifanana na nani. Nikasema sijui, hakuna anayejua isipokuwa mama.

"Mtoto inafanana na nani? Na baba yake. Kwisha. Leta ile picha yako ya leseni, ile kabla ya hii msitu."

Alimaanisha ndevu. Nikampa leseni. Akaniingiza kwenye kompyuta, akanivika shati la kola kubwa, akanipaka mvi, akanikunja ngozi ya paji la uso, akanipa spana. Akaondoa rangi yote. Nilipoangalia pale kwenye kioo cha kompyuta, nywele zilinisimama. Nilikuwa nimekaa pale mzee, marehemu, na niko hai nanuka petroli.

Kidevuni palikuwa na kovu, kama namba saba. Nililipata mwaka wangu wa kwanza Juba, raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, ilinigonga pale mzunguko wa Gudele. Nikamwambia atoe hilo kovu.

"Kovu inabaki. Mwanaume ya zamani bila kovu, nani ataamini?" Halafu akaninyooshea kidole. "Lakini hiyo ndevu usiguse mpaka kifo."

Mahali tulipata karibu na mto, nyumba ya mawe ya wakati wa Waingereza, ndani kuna meza moja na popo kama elfu sita. Mlinzi wake ni mzee mmoja Mbari, kabila la wenyeji wa Juba. Nilimweleza kila kitu, akasema kalas, basi, mradi msiwashe moto. Kwa sababu ukuta wenye picha moja si makumbusho, rafiki yangu alileta nyingine tano, kubwa, za wateja wa studio ambao hawakurudi kuchukua picha zao. Nao akawatoa rangi. Tukawapanga ukutani, baba wa pili kutoka kushoto. Mmoja alikuwa muuza ndizi ninayemfahamu kabisa, nikampa cheo cha mkuu wa kivuko.

Kesho yake mama akavaa gauni. La bluu, lina kola nyeupe. Njiani nikamuuliza, ili tu nijue hatari niliyo nayo, "Mama, ukiona picha utamjua kweli?"

 Akanisogelea sikioni, maana pikipiki inapiga kelele. "Hiyo ndiyo imenileta. Sura yake imenitoka. Shati lake nalijua, mguu wake najua ulivyokanyaga, hata kikohozi chake nakijua. Nikifika usoni panakuwa kama sufuria iliyosuguliwa. Nimejaribu miaka. Sikukuambia kwa sababu ni aibu, mke kusahau uso wa mume wake. Nataka niuone mara moja, niurudishe mahali pake."

 Mpaka hapo nilidhani namdanganya mtu ambaye atajua mwenyewe, ataangalia aseme huyu siye, nitasema labda wamekosea picha, tutarudi nyumbani, tutacheka. Kumbe hakuna wa kunikamata. Uso nitakaoweka pale ndio utakaokaa. Kulikuwa na nafasi ya kugeuza pikipiki pale, barabara ilikuwa wazi. Sikugeuza. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni kwamba alikuwa amevaa gauni.

Mlinzi alikuwa amevaa koti. Sikumwambia avae koti. Akatuambia tufute miguu.

"Ghorofa tatu ziko wapi?" mama akauliza.

"Mbili ziko kwenye matengenezo."

"Wamezipeleka wapi?"

Kabla sijajibu, yule mzee akatoka chumba cha nyuma na blanketi lake la kulalia, akamvika mama mabegani kwa mikono miwili, kwa heshima kama anamvika askofu. Joto la siku hiyo lingeivisha yai mfukoni. Mama akalishika blanketi kifuani, jasho linamtiririka, akaingia.

Alienda moja kwa moja. Wa pili kutoka kushoto. Akasimama pale mpaka popo wakazoea. Halafu akanyoosha kidole akapitisha kwenye pua, kwenye mdomo, akashuka mpaka kidevuni kwenye ile saba.

"Ndiye," akasema. "Hata hili kovu nilikuwa nimelisahau. Chuma cha daraja kilimkata. Alikuja nyumbani shati limejaa damu, nikamwosha na maji ya chumvi. Hakulia. Alinishika tu mkono hivi." Akanionyesha alivyoshikwa. Halafu akageuka akaniangalia mimi, juu ya ndevu. "Sasa naona pua yako uliitoa wapi."

Mlinzi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama akamwomba picha. Mzee akasema, kwa sauti ya kazi, kwamba hiyo ni mali ya serikali. Mama akamwambia, "Baba, mimi ni mke wake." Mzee akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda, akaitoa msumarini akampa.

Mama hakurudi Kitale. Alisema hawezi kuondoka mji alipo mume wake. Picha ikapigwa msumari ukutani kwangu Gudele, juu ya kitanda nilichompa, mimi nikahamia mkekani. Kila asubuhi anaisalimia. Na lile kovu likaanza kukua. Mwezi wa kwanza lilikuwa maji ya chumvi tu. Mwezi wa pili akawa alichana gauni lake kumfunga. Baadaye ikawa siku tatu baba hakuweza kutafuna, akamlisha uji kwa kijiko, na kule kulishana ndiko kulimfanya akubali kuolewa naye. Nikamsikiliza nikajua ulimi wangu sikuuokota barabarani. Lakini macho yake yalikuwa yanalowa, na mimi nimekaa mkekani nimeshika ndevu.

Nilizishika miezi minane. Mvua ilinyesha ndani yake. Kwenye steji waliniita sheikh, wakaniita mbuzi wa Krismasi, abiria mmoja akaomba nisimame ashuke kwa sababu zinamchapa usoni. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Halafu miguu ya mama ikavimba tena na mara hii haikupungua. Akitoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Daktari akasema moyo umechoka, tumpe dawa na tusimchoshe. Asubuhi moja ananywa chai akasema, kama mtu anayeomba sukari, "Nyoa hizo ndevu. Nataka niwaone wawili pamoja, wewe na baba yako."

Nikasema kesho. Kesho ikafika, nikasema kinyozi amesafiri. Siku iliyofuata nikasema Juba nzima hakuna wembe. Akaweka kikombe chini. "Mimi sina kesho nyingi za kukupa," akasema.

Nikakimbia studio. Nikamwambia rafiki yangu achape nyingine, atoe kovu, nitabadilisha mama akilala mchana. Mara hii hakucheka. "Kovu naweza toa. Lakini mama yako ameshaiosha na chumvi. Hiyo chumvi mimi nitoe na nini?" Akafikiria, akasema labda ninyoe pembeni, niache ya kidevuni kidogo, kama mbuzi.

Nilifanya hivyo. Naona aibu kuandika lakini nilifanya. Nikaingia nyumbani na kidevu cha mbuzi. Mama akacheka mpaka akakosa pumzi, nikamshika mgongo, mbavu zake zote nikazisikia kwenye mkono. Alipotulia akasema, "Malizia."

Nikachukua beseni, nikakaa mbele yake chini ya dirisha. Maji, sabuni, wembe. Sijawahi kunyoa polepole hivyo. Nilikuwa natafuta kichwani neno lolote, kwamba kovu hurithiwa, kwamba daktari alinikata kwa makusudi nifanane naye, na kila nililoshika lilikuwa linateleza. Nikafuta uso nikauinua.

Aliniangalia mimi. Akaangalia ukutani. Akarudi kwangu. Kidole chake kikaja vilevile kama siku ile, puani, mdomoni, kikashuka.

"Hili umelipata wapi?"

"Raksha ilinigonga. Mzunguko wa Gudele."

"Na lile la pale?"

"Ni hili hili, mama."

Nje jirani alikuwa anatwanga kitu. Mama akaondoa kidole.

"Makumbusho?"

"Hakuna."

"Lile blanketi?"

"La mlinzi. La kulalia."

Nilidhani atalia, au atanipiga na kikombe, na ningefurahi. Aliuliza tu, si mimi hasa aliyemuuliza, "Basi yule niliyemwosha na maji ya chumvi alikuwa nani?"

Hapo nikatafuta uwongo, hata mdogo, hata wa kitoto. Nikakosa.

"Na wewe hujui alivyokuwa," akasema.

"Sijui, mama."

"Basi hakuna anayejua."

Akageukia ukuta. Siku hiyo hakula, na mimi sikwenda kazini, nilikaa mlangoni na uso wangu mpya unapigwa na upepo. Asubuhi nilimkuta ameketi, amevaa lile gauni la bluu, kola imekunjamana. Akasema nimpeleke darajani.

Nikamfunga kwangu na leso ili asianguke, tukaenda polepole mpaka Sherikat. Malori ya Uganda yalikuwa yamepanga foleni, kila moja linaunguruma na kutoa moshi. Nilimwomba askari wa pale, nikamwambia ya kweli, mume wake alifanya kazi hapa. Akasema dakika moja, na simu isitoke mfukoni, picha haziruhusiwi. Nikamwambia hatuna haja ya picha.

Mama akaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa cha moto, hakukitoa. Akaangalia zile nati, moja juu ya nyingine, zinaenda mpaka upande wa pili wa mto.

"Zake ni zipi?"

Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa nayo tayari, naapa, ile ya tatu kutoka chini, ile yenye kutu pembeni. Nikaumeza uwongo huo.

"Sijui."

"Hata mimi hakuwahi kuniambia," akasema. Akaanza kugusa moja, akaenda nyingine, na nyingine, kila anayoifikia, mpaka askari akapiga mluzi kwamba muda umeisha.

Tuliporudi nikapanda kitandani kuitoa ile picha msumarini. Mama alikuwa amelala ubavu, amefunga macho, nilidhani hanioni.

"Iache," akasema. "Wewe angalau una picha."

Bado iko pale. Asubuhi anaisalimia kwa jina langu. Mimi nanyoa kila siku.